Harufu ya Gesi, Friji Linalonuka na Chakula Kinachochacha Njiani: Kutafuta Chanzo Kabla ya Dawa

Maswali mengi ya jikoni yanayoulizwa na kurudiwa huanza na pua. Jiko linanuka gesi ilhali mtungi ulifungwa. Friji limesafishwa mara tatu na bado linatoa uvundo. Wali wa nazi uliopikwa alfajiri Dar es Salaam umechacha kabla basi halijafika Iringa. Kosa linalojirudia ni kukimbilia cha kuifunika harufu, iwe limau, udi au marashi ya kupuliza, kabla ya kujua inakotoka. Harufu ikifunikwa, tatizo linabaki pale pale na sasa halina wa kulitangaza. Tena yapo mambo ya hatari zaidi jikoni ambayo hayanuki kabisa, nami nitayaonya mahali pake.

Katika kila tatizo nimeanza na sababu inayotokea mara nyingi zaidi, nikashuka hadi ile ya nadra, na nimetaja pale ambapo mtu wa nyumbani anapaswa kuacha na kumwita fundi.

Jikoni kunanuka gesi

Pima kwanza ukali wa harufu. Ikiwa inakupokea mlangoni, usichunguze chochote. Usiwashe wala kuzima swichi, kwa kuwa cheche hutokea katika hali zote mbili. Usichomoe waya wa friji. Usipige simu ukiwa ndani. Funga valvu ya mtungi ikiwa unaifikia kwa usalama, fungua milango, toa watu wote, kisha piga simu ukiwa nje. Namba ya Zimamoto Tanzania ni 114, na Kenya ya dharura ni 999 au 112. Naomba hili lisikike hasa katika nyumba za pwani: asithubutu mtu kuleta chetezo cha udi ili kuondoa harufu hiyo, kwa sababu kaa la moto linatosha kuilipua nyumba.

Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani, na zote mbili ni nzito kuliko hewa, propani mara moja na nusu hivi na butani mara mbili. Kwa hiyo haipandi darini kama moshi, bali hutambaa sakafuni na kujikusanya chini ya kabati, kwenye shimo la maji machafu, na chini ya kitanda kwa wale wanaopikia chumba wanacholala. Dirisha la juu peke yake haliitoi. Mlango ulio wazi hadi sakafuni ndio unaoitoa. Ikifikia sehemu 2 hivi katika kila 100 za hewa, inaweza kulipuka.

Kwa asili gesi hii haina harufu. Uvundo ule wa yai viza huongezwa makusudi, kwa kemikali za jamii ya merkaptani. Desturi hiyo ilitiwa nguvu na msiba wa shule ya New London, Texas, nchini Marekani, tarehe 18 Machi 1937, ambapo gesi asilia isiyotiwa harufu ilivuja chini ya jengo bila mtu kutambua, na mlipuko ukaua watu wapatao 300, wengi wao watoto. Anayesema kwamba amekwisha kuizoea harufu ya gesi nyumbani kwake anaudharau ulinzi uliopatikana kwa gharama hiyo.

Ikiwa harufu ni hafifu na chumba kimekwisha kupata hewa, fanya jaribio la povu. Changanya sabuni ya maji na maji kidogo kikombeni, zima jiko, fungua mtungi, kisha upake povu kwenye kila kiungo kwa sifongo. Mahali mapovu yanapovimba na kuongezeka ndipo penye mvujo. Kiberiti hakitumiki katika kazi hii hata mara moja.

Sababu ya kwanza, hasa kama harufu ilianza siku mtungi ulipobadilishwa, ni kiungo cha regulata na mtungi. Kipo kipira kidogo cha duara mdomoni mwa valvu ambacho huchakaa, hupasuka au hudondoka wakati wa kubadilisha. Kwa mtungi mdogo wa kilo 6 unaofungwa kichwa cha jiko moja kwa moja juu yake, kosa la kawaida ni kukifunga kikiwa kimepinda, kikakaza upande mmoja. Funga mtungi, fungua kiungo, tazama kipira, rudisha taratibu, kisha rudia povu.

Ya pili ni mpira. Ukunje kwa vidole karibu na ncha zake mbili. Ukiona nyufa ndogo, au umekuwa mgumu kama fimbo, au una alama za meno ya panya, muda wake umekwisha hata kama hauvuji leo. Mpira halali wa gesi huwa umechapishwa tarehe, na mpira wa kumwagilia bustani si mbadala wake. Usizibe ufa kwa gundi wala kwa kuzungushia mpira wa baiskeli. Badilisha wote, pamoja na vibanio.

Ya tatu ni koki ya jiko iliyoachwa wazi kidogo, au moto uliozimwa na upepo au na uji uliofurika. Kinga yake ni kufunga mtungi wenyewe kila usiku, maana koki za jiko huchakaa kwa ndani bila dalili za nje.

Ya nne huwachanganya wengi. Gesi inapokaribia kwisha, harufu huzidi, kwa sababu kemikali ile huvukizwa polepole kuliko gesi yenyewe na hivyo hubaki nyingi chini ya mtungi. Hilo ni kweli, lakini likubali baada tu ya jaribio la povu kutoonyesha kitu.

Ikiwa povu linavimba kwenye valvu ya mtungi wenyewe, kazi yako imekwisha. Usikaze kwa spana wala usigonge. Utoe mtungi nje, mbali na moto na mitaro, ukiwa umesimama wima, na mwite muuzaji auchukue.

Moto ni wa njano na sufuria zinashika masizi

Moto mzuri wa gesi ni wa buluu. Unjano na masizi huonyesha kwamba gesi haipati hewa ya kutosha. Mara nyingi matundu ya kichwa cha jiko yamezibwa na mafuta au mchuzi uliofurika: kioshe kwa maji ya moto na sabuni, zibua matundu kwa kijiti cha meno, na ukikaushe kabisa kabla ya kukirudisha, kwa kuwa maji nayo huleta moto wa njano. Hakikisha pia kifuniko chake kimekaa sawasawa.

Ikiwa jiko ni safi na moto bado ni mrefu na wa njano, uliza lilitoka wapi. Baadhi ya nyumba za Dar es Salaam zimeunganishiwa gesi asilia kwa bomba, na jiko la gesi asilia lina tundu kubwa la kupitishia gesi. Likifungwa kwenye mtungi hutoa gesi kupita kiasi. Vivyo hivyo kwa majiko yanayoletwa kutoka Ulaya. Kubadilisha tundu hilo ni kazi ya fundi.

Hapa ndipo lilipo jambo la kwanza lisilonuka. Moto usiopata hewa hutoa monoksidi ya kaboni, ambayo haina rangi wala harufu. Mkaa hutoa nyingi zaidi, hata ukiwa umekolea na hautoi moshi tena. Ikiwa wapishi huumwa kichwa, husikia kizunguzungu au kichefuchefu jikoni, na hupata nafuu wakitoka nje, zima jiko, tokeni, na asiyepata nafuu apelekwe hospitali. Jiko la mkaa lisiingizwe chumba cha kulala kwa ajili ya joto, hata usiku mmoja wa baridi ya Makete au Limuru.

Moto dhaifu lakini wa buluu ni jambo jepesi zaidi: gesi inaisha, mpira umekunjika, au regulata imechoka. Ukiona umande au barafu nje ya mtungi baada ya kupika muda mrefu, gesi inavukizwa haraka kuliko mtungi unavyoweza kupokea joto, upumzishe. Usiulaze wala usiupindue ili kumaliza masalia, kwa sababu gesi ya majimaji itaingia mpirani na moto utaruka ghafla. Usiuweke karibu na moto kuupasha.

Friji linanuka ingawa limesafishwa

Wengi husafisha rafu wakaacha mahali panaponuka. Anza na lililo wazi: toa kila kitu, nusa chombo kimoja kimoja, tazama nyuma ya kasha la mboga, kisha oshea maji ya vuguvugu yenye bekingi soda, kama kijiko kikubwa kimoja kwa lita moja. Usitumie magadi. Watu huyachanganya mawili haya, lakini magadi ni makali zaidi, na sufuria au trei ya alumini ikilowekwa humo hugeuka nyeusi na kulika.

Harufu ikirudi baada ya siku mbili, geukia raba ya mlango. Mikunjo yake huhifadhi maziwa na damu ya nyama. Ifungue mkunjo kwa mkunjo na uisugue kwa mswaki wa zamani. Ukiwa hapo, jaribu kubana noti mlangoni: ikichomoka bila ukinzani wowote, raba imelegea, hewa ya joto inaingia, na chakula kinaoza mapema.

Kisha tazama ukuta wa nyuma ndani ya friji, kwa chini, penye kitundu cha kutolea maji. Kikizibwa na jani la mchicha, maji husimama chini ya kasha la mboga na kuvunda. Kizibue kwa mrija laini na maji ya vuguvugu, wala si kwa msumari. Maji hayo huteremka hadi kwenye trei iliyo nyuma, karibu na kompresa, ambayo watu wengi hawajawahi kujua kwamba ipo. Chomoa umeme, vuta friji, ioshe. Kwa uzoefu wangu, friji linalonuka bila sababu inayoonekana huwa linanuka hapo.

Ikiwa uvundo unatokana na friji kutopoza, weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji, uiache usiku kucha kwenye rafu ya kati. Isome asubuhi kabla mlango haujafunguliwa mara nyingi. Inapaswa kuwa nyuzi 4 au chini yake. Ikiwa ni zaidi, punguza msongamano, futa vumbi nyuma, na lisogeze friji mbali na ukuta na jiko. Umeme unapokatika, acha mlango umefungwa: friji hushikilia ubaridi kama saa 4, friza iliyojaa kama saa 48, na iliyojaa nusu kama saa 24. Umeme ukikatika saa tatu usiku na kurudi saa kumi na moja alfajiri, nyama na maziwa ya ndani ya friji hayategemewi tena hata yakiwa baridi wakati unapoyashika.

Barafu ya friza haibanduliwi kwa kisu. Friji nyingi za sasa hutumia gesi ya R600a, ambayo ni isobutani na inashika moto. Herufi hizo zimeandikwa kwenye kibandiko cha nyuma. Ukitoboa bomba, fungua madirisha, usiguse swichi, na umwite fundi wa majokofu. Mwite pia ikiwa kompresa inawaka na kuzimika kila dakika chache, au ukisikia mshtuko wa umeme unaposhika mlango.

Samaki, chupa ya chai na harufu zinazong'ang'ania

Harufu ya samaki wa baharini hutokana zaidi na kemikali iitwayo trimethilamini, ambayo ina asili ya alkali, yaani kinyume cha asidi, na ndiyo sababu asidi ya limau, siki au ukwaju huituliza. Kibao na kisu visuguliwe kwa limau na chumvi, vioshwe kwa maji baridi kwanza, kisha sabuni. Hapa limau ni dawa ya kweli. Lakini kwa samaki mwenyewe halirudishi uzima, na samaki aliyeharibika akitiwa limau jingi bado ameharibika.

Chupa ya chai inayonuka huwa na utando wa maziwa na rangi ya majani. Jaza maji ya moto na vijiko viwili vya bekingi soda, acha saa kadhaa bila kukaza kizibo, kisha ulowekee kizibo chenyewe mbali, maana ndicho kinachosahaulika. Ikiwa haishiki joto tena na ubavu wake wa nje unapata moto, ombwe, yaani nafasi isiyo na hewa kati ya kuta zake, limepotea na hakuna ukarabati. Ukisikia vipande vya kioo vikilia ndani, itupe na chai iliyomo.

Jiki isichanganywe na siki wala limau, hata kwa nia ya kuongeza nguvu. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu.

Chakula kinachacha safarini

Barabara ya Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na chakula hupitia joto la Morogoro kabla ya baridi ya Makambako. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 katika joto la kawaida, na kiwekwe chini ya nyuzi 5 au juu ya nyuzi 60. Kinachoharibu safari ni uvuguvugu wa katikati.

Sababu ya kwanza ya kuchacha ni kufunga chakula kikiwa hakijawa moto wala baridi. Hotpoti haipashi joto, hushikilia tu ulilotia. Ijaze maji yanayochemka kwa dakika 10, uyamwage, utie chakula kinachotoa mvuke na ujaze hadi juu, kwa kuwa nafasi tupu hupoteza joto. Hata hivyo chakula hicho ni cha saa chache za mwanzo, si cha jioni. Ukitaka kula baadaye, fanya kinyume: tandaza chakula kwenye sinia kipoe upesi, kiweke kwenye friji usiku kucha, kisha kisafiri ndani ya deli, yaani kasha la kutunzia ubaridi, pamoja na chupa za maji yaliyogandishwa.

Sababu ya pili ni chakula chenyewe. Tui huharibika haraka kuliko karibu kila kiungo kingine, kwa hiyo wali wa nazi, kisamvu na maharage ya nazi havifai safari ndefu vikiwa vuguvugu. Wali mweupe nao una hatari ya pekee. Mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus huvumilia kuchemshwa, huchipua wali ukikaa nje, na sumu yake haiondoki kwa kupashwa moto tena. Wali huo unaweza kuwa haunuki lolote.

Samaki wa jamii ya jodari, nguru na vibua wanahitaji onyo lao. Wakikosa barafu tangu walipovuliwa hujenga sumu iitwayo histamini, ambayo haiharibiwi na kukaangwa, kuchemshwa wala kugandishwa. Kumkaanga akauke kwa ajili ya safari hakumsafishi. Mnunue akiwa kwenye barafu au umwache.

Vinavyovumilia njia ni vile vikavu: visheti, kashata, mkate wa mofa, korosho, ndizi zilizokaushwa, dagaa waliokaangwa wakakauka. Wazee wa pwani walivibeba jahazini wakijua wanachokifanya. Ukifunga, kumbuka kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008, Kenya tangu 28 Agosti 2017 na Tanzania tangu 1 Juni 2019. Anayevuka Namanga au Rusumo atumie kikapu, mfuko wa kitambaa na vyombo vigumu.

Ikiwa kopo limevuja au sanduku linanuka ng'onda (samaki wa kukaushwa), mara nyingi ni kifuniko chepesi. Ndani ya ndege hewa huwa nyepesi kuliko ardhini, na kopo lililojazwa pomoni husukuma achari nje. Acha nafasi ya vidole viwili, zungushia utepe, kisha tia kopo ndani ya chombo kingine kigumu. Katika mkoba wa mkononi, viwanja vingi bado vinahesabu samli, asali, achari na siagi ya karanga kuwa vimiminika, na chombo kinachozidi mililita 100 huzuiwa. Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria wa kutoka kwetu kuingiza nyama wala maziwa na mazao yake. Matunda huhitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Marekani abiria anawajibika kutaja kila chakula alichobeba, na anayetaja huwa salama zaidi kuliko anayeficha, hata kama kitu chenyewe kitachukuliwa.

Tumekwisha kula, na sasa kuna anayeumwa

Kutapika kunakoanza ndani ya saa 1 hadi 6 baada ya wali uliokaa nje huelekea kwenye sumu niliyoitaja. Uso mwekundu, kichwa kugonga na moyo kwenda mbio dakika chache hadi saa moja hivi baada ya samaki huelekea kwenye histamini. Katika hali zote mbili acheni chakula hicho nyote, hata wasioumwa, na mgonjwa anywe dawa ya chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini, kidogo kidogo.

Usingoje kufika mwisho wa safari ikiwa anapumua kwa shida, midomo imevimba, kuna damu, maji hayakai tumboni, amelegea au hakojoi, wala ikiwa ni mtoto mchanga, mjamzito au mzee. Mwombe dereva asimame kwenye kituo cha afya kilicho karibu, na uandike kilicholiwa na saa kilipoliwa, kwa sababu mganga atauliza hayo kwanza.